Mshono wa Kiti Namba Sita

Kiwanda chenyewe kilikuwa ghala kuukuu la maharage,
Toledo, Ohio, nyuma ya reli.
Januari tukiwasha hita, kuta zilinukia chakula.
Hapo ndipo Orrin Vandersloot alipoapa
kujenga gari la kuwatia Waitaliano aibu.

Aliuza mashamba ya mahindi ya mama yake, ekari baada ya ekari.
Injini alinunua kwa watu wa boti za mashindano.
Taa za nyuma zilitoka kwenye kigari cha bei poa,
na swichi za madirisha, nisikufiche,
tuliziokota kwenye jaa la vyuma.
Lakini umbo!
Lililala chini, pana, kimya,
kama paka aliyeona ndege.
Milango ilipaa juu. Wa kushoto ulipaa ukakaa.
Wa kulia ulianza kurudi, polepole, kama kope la mlevi,
na daima alihitajika mtu wa kuushikilia.

Mimi nilishona. Ilonka Szabados,
mjukuu wa mwanamke aliyeyatilia majeneza bitana
katika mtaa wetu wa Wahungari.
Ngozi ilikuwa na rangi ya siagi iliyoungua,
uzi mweusi, mishono minane kwa inchi.
Tulipanga magari mia tatu.
Tulimaliza tisa.
La kumi lipo mahali fulani, zima, zuri, halina injini.

Novemba ile kampuni ya umeme ilikata waya.
Mteja wa Texas alikuwa ameshatoa nusu, nayo imeshaliwa.
Cletus Obermeyer akaleta forklifti,
akaziwasha taa zake mbili mgongoni pangu,
nikashona kiti namba sita
ndani ya kivuli changu mwenyewe.
Karibu na bega la kushoto sindano ikapotea njia,
inchi nne.
Nikasema, nitafumua kesho.
Kesho ikaja na kufuli la benki.

Mshahara wa mwisho nililipwa usukani.
Ndiyo, usukani.
Orrin aliuleta umefungwa taulo la kuogea,
hakuvua kofia, hakukubali kiti.
"Maji yamezidi unga, Ilonka," akasema,
akatazama viatu vyake mpaka nikamwonea huruma,
mimi niliyekuwa nikimdai.
Tuliutundika jikoni juu ya jokofu.
Wanangu walipanda stuli
wakaiendesha nyumba ile hadi Florida na kurudi.
Tulikula viazi mpaka Machi.

Wiki iliyopita binti yangu alinipeleka Arizona, mnadani.
Hema kubwa kama uwanja, baridi ya mashine,
wanaume waliovaa viatu bila soksi.
Na lile pale, juu ya zulia,
namba sita.

Mtaalamu wao, kijana wa glavu nyeupe,
alimulika tochi ndani:
"Tazameni bega la kushoto. Mshono unayumba.
Huo ndio ushahidi kwamba kiti ni cha asili.
Mwigaji angeunyoosha."
Wakainama. Wakazipiga picha inchi zangu nne.
Bei ikapanda, laki sita, laki saba na nusu,
mtu mmoja nyuma akiinua kidole
kama anayeongezewa chai.

Nilitaka kusema. Niseme nini?
Kwamba usiku ule vidole viliuma kwa baridi,
kwamba Cletus alikuwa akiimba ovyo,
kwamba nilikuwa na mimba ya huyu huyu aliyenishika mkono?
Nikasogea. Mlinzi akasema,
"Bibi, tafadhali, usiguse."
Sikugusa.

Wakaifungua milango, watu wakapiga makofi.
Kisha, makofi bado yanalia,
mlango wa kulia ukaanza kushuka,
polepole,
juu ya kichwa cha kijana aliyeinama na tochi yake,
na hemani mote hakuna aliyejua,
ila mkono wangu,
uliokwisha kwenda bila kuniuliza,
ukaushikilia.